Mguu uliovimba wiki ya sita ya ARV: saitokini na mishipa mipya ya damu katika sakoma ya Kaposi

Mgonjwa wa kisa hiki ametungwa kwa ajili ya kufundishia. Mhudumu yeyote wa kliniki ya VVU Afrika Mashariki atamtambua, kwa sababu sura yake hujirudia. Swali linalotushughulisha ni moja: katika sakoma ya Kaposi, saratani ya mishipa ya damu, kwa nini mishipa hiyo iote kwa kasi pale tu kinga ya mwili inapoanza kurudi?

Kilichotokea

Ni mwanaume wa miaka 38, seremala, uzito kilo 58, urefu sentimita 170. Alipimwa VVU baada ya kupungua uzito na kuugua mkanda wa jeshi. CD4 zilikuwa 62, wingi wa virusi nakala 340,000 kwa mililita. Alianzishiwa TLD (kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri) siku ileile pamoja na septrini. Kwenye kadi yake kuna mstari mmoja: madoa meusi saba mguu wa kushoto, hayaumi, hayawashi. Hakuna aliyemwambia apanue kinywa ili kaakaa lionekane.

Wiki ya sita alirudi madoa yakiwa zaidi ya 30. Mguu ulikuwa umevimba kuanzia unyayo hadi paja, ngozi imekakamaa, tezi za kinena zimetuna. Mzingo wa mguu, sentimita 10 chini ya goti, ulikuwa sentimita 46 kushoto na 34 kulia. Kabla ya kufika kliniki alikuwa amepitia zahanati, akapewa prednisoloni miligramu 40 kwa siku kwa siku saba, kwa dhana ya mzio wa dawa. Siku mbili za kwanza uvimbe ulipungua. Siku ya kumi madoa yalikuwa vinundu, kimoja kimepasuka na kutoa damu, na kaakaani limejitokeza doa la zambarau.

Vipimo: wingi wa virusi chini ya 200, CD4 171, hemoglobini 9.1, nyutrofili 1.2 × 10⁹ kwa lita, chembe sahani 168, CRP (alama ya mwasho mwilini) miligramu 64 kwa lita. Kwa kipimo cha VVU tiba imefaulu vizuri sana. Mguu unasema jambo jingine.

Kwenye ngozi nyeusi vidonda vya Kaposi mara nyingi havionekani vyekundu wala zambarau kama picha za vitabu vingi zinavyovionyesha. Huwa kahawia iliyokolea au vyeusi kabisa, na kidole hukihisi kinundu kabla ya jicho kukitofautisha. Kaakaa husema ukweli mapema zaidi, kwa kuwa pale rangi ya ngozi haifichi kitu.

Kuthibitisha kabla ya kutaja IRIS

IRIS, yaani kuzidi kwa ugonjwa kunakoletwa na kinga inayorejea, ni jina la mwisho kutajwa. Kwanza yaondolewe mengine: damu iliyoganda kwenye mshipa wa paja (ultrasaundi), TB ya tezi (kunyonya majimaji ya tezi kwa sindano na kuyapima kwa GeneXpert), matende kwa anayetoka maeneo yake, limfoma, na ugonjwa wa Bartonella, ambao vinundu vyake hufanana mno na Kaposi lakini huisha kwa doksisaiklini.

Kinyama kilikatwa kwa kisu cha duara cha milimita 4, kutoka kinundu kipya cha kwenye muundi. Kidonda kilichopasuka hakifai: ukichukua ukingo wake utapata usaha na seli zilizokufa, na jibu litarudi "uvimbe wa kawaida". Lidokeini yenye adrenalini husaidia kupunguza damu. Bado mkandamize kwa dakika kumi, maana vinundu hivi ni mishipa mitupu. Kinyama kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake uwe angalau mara kumi ya kinyama. Hadubini ilionyesha seli nyembamba ndefu, nyufa zilizojaa chembe nyekundu, seli za plazma na chembechembe za chuma. Rangi ya LANA, protini ya kirusi KSHV kinacholeta Kaposi, ilitoa vidoadoa ndani ya viini vya seli, na hiyo ndiyo alama ya kirusi hicho. Pasipo rangi ya LANA, makosa ni mengi kuliko wengi wanavyokubali, hasa kwenye madoa bapa ya mwanzo.

Wingi wa virusi ulishuka zaidi ya logi tatu (yaani zaidi ya mara elfu moja), ugonjwa ukazidi ndani ya wiki 12 za mwanzo wa ARV, na hakuna ugonjwa mwingine uliopatikana. Ni IRIS ya Kaposi, hatua ya T1 (ugonjwa uliozidi) kwa ajili ya uvimbe wa mguu.

Seli zinazotoa amri, mishipa inayotii

Moritz Kaposi aliuelezea ugonjwa huu Vienna mwaka 1872. Afrika Mashariki na Kati ulikuwapo kabla ya UKIMWI, kiasi kwamba mwaka 1961 ulifanyiwa kongamano lake Kampala. Kisababishi kilipatikana mwaka 1994, Yuan Chang, Patrick Moore na wenzao walipoonyesha DNA ya kirusi kipya cha jamii ya hepesi, ambacho sasa huitwa KSHV au HHV-8. Kirusi hiki huishi ndani ya seli B na ndani ya seli za endotheli, yaani zile zinazotanda upande wa ndani wa mishipa ya damu na ya limfu.

Lakini jaribio linaloeleza mguu wa mgonjwa wetu ni la mwaka 1988, kabla KSHV haijajulikana. Kundi la Robert Gallo lilikuza seli za Kaposi nje ya mwili, kisha likawachoma nazo panya wasio na seli T. Vinundu vyenye mishipa mingi viliota. Vilipochunguzwa, seli zake zilikuwa za panya. Seli za binadamu zilitoa protini za ishara, na mishipa ya panya ikaitikia. Baada ya muda vinundu vikanywea. Tena, seli hizo hazikukua vizuri kwenye sahani mpaka zipewe kimiminika kilichotoka kwa seli T zilizoambukizwa. Protini moja muhimu ndani yake ilitambuliwa baadaye kuwa onkostatini M, saitokini (protini ya ishara ya seli za kinga) ya ukoo wa IL-6. Kwa hiyo tangu mwanzo ugonjwa huu ulikuwa ukitegemea maneno ya seli za kinga.

Barbara Ensoli na wenzake waliendeleza hapo. Seli za endotheli za kawaida zikiwekewa saitokini TNF, IL-1 na interferoni gama hubadilika umbo kuwa nyembamba ndefu kama za Kaposi, hutengeneza FGF-2, protini ya kuotesha mishipa, kwa wingi, na huweka juu yake vishikizi vinavyozisaidia kutambaa kuelekea tishu mpya. Seli zilizoandaliwa hivyo huitikia hata protini ya Tat ya VVU iliyo nje ya seli. Kumbe interferoni gama, ambayo kwenye saratani nyingi huhesabiwa upande wa mgonjwa, hapa inaweza kusukuma upande wa pili.

Hapa inafaa kukaa kidogo na kemokini, yaani saitokini zinazoita seli zisogee, kwa sababu ndizo huwachanganya wanafunzi. Kemokini za kundi la CXC zimegawanyika kwa herufi tatu za amino asidi zilizo kabla kidogo ya sistini ya kwanza: glutamati, lusini, arjinini, kwa kifupi ELR. Zenye ELR, kama CXCL8 (IL-8) na CXCL1, hushika kipokezi CXCR2 kwenye endotheli na kuiamuru igawanyike na kutambaa. Zisizo na ELR, yaani CXCL9, CXCL10 na CXCL11, hupitia CXCR3 na kuzuia mishipa isiote. CXCL12 haina ELR na bado huotesha mishipa, kwa hiyo kanuni hii isichukuliwe kama sheria. Interferoni gama huamsha CXCL9 na CXCL10. Kwa hesabu ya vitabu, basi, seli T zikirudi mishipa ingepaswa kusinyaa.

Haisinyai, kwa sababu KSHV imeiba sehemu za mfumo huohuo. Jeni ORF74 hutengeneza kipokezi kinachofanana na CXCR2, huitwa vGPCR, ambacho huwaka bila kushikwa na chochote. Mwaka 1998 kilionyeshwa kuwa kinatosha kugeuza seli kuwa ya saratani na kuifanya itoe VEGF, protini inayootesha mishipa. CXCL1 hukiongezea moto, CXCL10 hukipunguza bila kukizima. Hutokea kwenye seli chache tu, zile ambazo kirusi kinazaliana ndani yake, lakini protini zinazomwagwa na seli hizo chache huamuru jirani nyingi ambazo hazijafika hatua hiyo. Kemokini tatu za kirusi, vMIP-I, II na III, huotesha mishipa kwenye utando wa yai la kuku, na papo hapo huita seli T za aina ya Th2 badala ya zile za Th1 ambazo zingekishambulia.

Kisha kuna vIL-6. IL-6 ya binadamu huhitaji kipokezi chake maalumu kabla ya kufika kwenye gp130, kipokezi kinachopeleka ishara ndani ya seli. Ya kirusi hushika gp130 moja kwa moja. Mwaka 2002 ilionyeshwa kuwa interferoni alfa hupunguza kipokezi hicho maalumu, hivyo IL-6 yetu hukosa mlango na ya kirusi huendelea kupita. Anayewaza kutumia tosilizumabu kwa mgonjwa wa aina hii akumbuke hilo: dawa hufunga kipokezi ambacho vIL-6 haikihitaji. Siltuksimabu nayo hukamata IL-6 ya binadamu pekee.

Sasa turudi wiki ya sita. VVU imeshuka, seli T za kumbukumbu zimerudi, zimekuta endotheli iliyojaa antijeni za KSHV. Zinatoa interferoni gama na TNF. Makrofaji zinaitika kwa IL-6, CXCL8 na VEGF. VEGF kabla ya kupewa jina hilo iliitwa kisababishi cha mishipa kupenyeza, tangu mwaka 1983, kwa kuwa kazi yake ya kwanza kuonekana ilikuwa kuruhusu majimaji yavuje. Ndiyo maana mguu ulivimba kabla vinundu havijakua: kuvuja huchukua saa, kuota kwa mshipa huchukua siku na wiki. Uvimbe ukibana tishu oksijeni hupungua, HIF-1 (protini inayohisi uhaba wa oksijeni) hupanda, VEGF huongezeka tena.

Waliokuwa na hatari kubwa tangu siku ya kwanza wanajulikana: aliyeanza ARV akiwa tayari na Kaposi, hasa T1, mwenye VVU zaidi ya nakala 100,000, mwenye DNA ya KSHV kwenye plazma, na aliyepewa ARV bila tibakemikali. Mgonjwa wetu alikuwa na angalau mambo matatu kati ya hayo, na mawili yalikuwa yameandikwa kwenye kadi.

Prednisoloni

Nafuu ya siku mbili ilikuwa ya kweli. Steroidi hunyamazisha TNF na IL-1, mishipa huacha kuvuja kwa kasi, mguu hupungua. Lakini seli za Kaposi zina vipokezi vya steroidi na hukua zaidi zikipewa, na seli T zilizokuwa zinaanza kukidhibiti kirusi huzimwa. Kaposi hutokea hata kwa watu wasio na VVU waliotumia steroidi muda mrefu, na kwa baadhi yao hurudi nyuma zikipunguzwa. Kwenye IRIS ya TB prednisoloni ina nafasi yake. Kwenye IRIS ya Kaposi imehusishwa na vifo vingi zaidi. Mgonjwa mwenye TB na Kaposi kwa pamoja ndiye anayetesa akili, na huyo asiamuliwe na mtu mmoja peke yake.

Kwa kuwa huyu alikuwa ametumia kwa siku saba tu, haikuendelezwa, wala haikuhitaji kupunguzwa hatua kwa hatua. ARV haikusimamishwa. Kusimamisha ARV ni kosa la pili linalofanywa kwa nia njema: VVU hurudi, Tat hurudi, na IRIS husubiri mwanzo mwingine.

Tiba, kwa vipimo

Eneo la mwili wake ni mita 1.65 za mraba. Alipewa paklitakseli miligramu 100 kwa mita ya mraba, yaani miligramu 165, kila wiki tatu, mizunguko sita. Jaribio lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, likachapishwa mwaka 2020, lilionyesha kuwa paklitakseli pamoja na ARV inashinda etoposidi ya kumeza na pia bleomisini na vinkristini. Doksorubisini ya liposomu, miligramu 20 kwa mita ya mraba, ni nzuri vilevile, tatizo ni bei.

Dawa ilichanganywa kwenye mililita 250 za salini ya asilimia 0.9 na kupitishwa kwa saa tatu. Mfuko na mpira wake visiwe vya PVC, kwa sababu mafuta yanayoyeyusha paklitakseli hukamua kemikali kutoka kwenye plastiki hiyo. Chujio la maikroni 0.22 liwepo njiani. Mafuta hayohayo ndiyo huleta mzio wa ghafla, kwa kawaida ndani ya dakika kumi za kwanza, hivyo muuguzi asiondoke kitandani na adrenalini iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano.

Kinga ya mzio huo ina deksamethasoni, yaani steroidi, kwa mgonjwa tuliyetoka kumwachisha steroidi. Haikwepeki kirahisi, lakini hupunguzwa: kwa Kaposi ya VVU hutumika miligramu 10 badala ya 20, kwa siku ya dawa tu, pamoja na klorofenamini na dawa ya kuzuia H2. Dozi moja kila wiki tatu si sawa na vidonge vya kila siku. Kinachopaswa kuogopwa ni fomu za wodi zinazobeba deksamethasoni ya siku tatu za kuzuia kichefuchefu. Paklitakseli kwa dozi hii haileti kichefuchefu cha kuhitaji hivyo.

Nyutrofili 1.2 zilitaka kuahirisha mzunguko wa kwanza. Kwa Kaposi ya VVU paklitakseli huruhusiwa nyutrofili zikiwa 1.0 au zaidi, kwa hiyo iliendelea. Lipo jambo jingine hapa ambalo linahusu kemokini zetu moja kwa moja. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara hawana kipokezi cha Duffy (ACKR1) kwenye chembe nyekundu. Kwa kawaida kipokezi hicho hukusanya CXCL8 na kemokini nyingine kutoka kwenye damu. Wasiokuwa nacho huwa na nyutrofili chache kwa kurithi, bila kuugua zaidi ya wengine. Kiwango cha 1.5 kilichotungwa kwa watu wa kwingine huwachelewesha tibakemikali bure.

TLD na paklitakseli hazigombani. Angekuwa kwenye ARV yenye ritonaviri, dawa ingekaa mwilini muda mrefu na nyutrofili zingeporomoka. Pamoja na vinkristini ingekuwa ganzi ya miguu na utumbo kusimama. Kama TB ingepatikana na rifampisini kuanzishwa, dolutegraviri ingeongezwa miligramu 50 nyingine saa 12 baada ya TLD.

Pasipo paklitakseli, bleomisini yuniti 15 kwa mita ya mraba na vinkristini miligramu 2 kila wiki tatu bado ni tiba halali. Jumla ya bleomisini ihesabiwe kwenye kadi, maana ikikaribia yuniti 400 mapafu huwa hatarini.

Kwa nini tusizuie VEGF tu

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lipo. Bevasizumabu, kingamwili inayokamata VEGF, ilijaribiwa kwa wagonjwa 17 wenye Kaposi ya VVU, matokeo yakachapishwa mwaka 2012: kati ya 16 walioweza kutathminiwa, asilimia 31 walipata nafuu inayopimika. Si haba, lakini kama VEGF ingekuwa peke yake tungetegemea zaidi. FGF-2, CXCL8, anjiopoyetini-2 na vIL-6 hubaki kazini.

Kinachofanikiwa zaidi ni kugusa sehemu ambapo ishara hukutana, au kugusa kinga yenyewe. Mwaka 2005 wagonjwa 15 waliopandikizwa figo wakapata Kaposi walihamishwa kutoka saiklosporini kwenda sirolimasi. Vidonda vya ngozi vilitoweka kwa wote ndani ya miezi mitatu. Sirolimasi huzuia mTOR, njia ambayo vGPCR huitumia kuamuru VEGF. Kwa mwenye VVU haihamishiki hivihivi, kwa kuwa yeye hana saiklosporini ya kuachishwa. Pomalidomidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa ugonjwa huu, miligramu 5 kwa siku kwa siku 21 kati ya 28, huzuia mishipa na papo hapo huzifanya seli zenye KSHV zionekane tena na seli T. Huleta damu kuganda na hulemaza mimba, hivyo aspirini na uzazi wa mpango huenda pamoja nayo.

Anayetaka kupima saitokini

Tiba haikungoja vipimo hivi, na haipaswi kungoja. Kwa watafiti, kosa la kawaida ni kupima VEGF kwenye seramu. Damu ikiganda chembe sahani humwaga VEGF yake, na namba unayoipata ni ya chembe sahani. Tumia plazma ya EDTA, izungushwe ndani ya saa moja, igawanywe kwenye vichupa vidogo, igandishwe nyuzi 80 chini ya sifuri, isiyeyushwe mara mbili. Chupa ikikaa mezani mchana kutwa, seli nyeupe huendelea kutoa CXCL8 humohumo. CRP inapozidi miligramu 30 kwa lita, homa na udhaifu vipo, na KSHV iko juu kwenye damu, fikiria ugonjwa wa saitokini za KSHV uitwao KICS, ulioelezwa mwaka 2010; kipande cha tezi kichunguzwe ili kuhakikisha si ugonjwa wa Castleman, ugonjwa mwingine wa tezi unaoletwa na KSHV. Huyu CRP yake ilikuwa 64, lakini hakuwa na homa, na tezi ya kinena ilionyesha Kaposi tu.

Baada ya mizunguko sita

Baada ya mzunguko wa pili mzingo ulikuwa sentimita 39, doa la kaakaa limefifia. Mwisho wa mzunguko wa sita ulikuwa 36.5 na vinundu vyote vimelala bapa. Madoa ya kahawia yalibaki. Hayo ni chuma kilichoachwa na damu iliyovuja, na daktari asiyejua hilo huongeza mizunguko mitatu bila sababu. Kinachopimwa ni kinundu kinachohisika kwa kidole na doa jipya, siyo rangi.

Sentimita 2.5 zilizobaki huenda zisiondoke, kwa kuwa mishipa ya limfu ya kinena imepata makovu. Bendeji ya kubana hufungwa asubuhi kabla hajashuka kitandani, kuanzia vidoleni kwenda juu, baada ya kuhakikisha mapigo ya unyayo yapo. Nyufa za katikati ya vidole zipakwe dawa ya fangasi, kwani bakteria hupitia hapo, na kila shambulio huongeza kovu jingine la limfu. Kaakaa na miguu vikaguliwe kila anapokuja kuchukua dawa, na kwenye jalada lake yaandikwe kwa herufi kubwa: ASIPEWE STEROIDI BILA KUWASILIANA NA KLINIKI YA SARATANI.